Ruzuku ya kufungua shule ya mkataba Marekani: jinsi ya kuomba bila kupoteza mwaka

Tulikuwa wazazi sita na walimu wawili, wengi wetu tumepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na kilichotukusanya kilikuwa kimoja: watoto wetu wanafika hapa Marekani wanapelekwa darasa la sita kwa umri wao, ilhali hawajawahi kukaa darasani miaka miwili mfululizo. Tukaamua kufungua shule ya mkataba, zile zinazojulikana hapa kama charter. Ni shule ya umma: haitozi ada, haifundishi dini, inaendeshwa na bodi yake kwa mkataba na mamlaka iliyoipa kibali. Serikali kuu ina mfuko wa kuzianzisha, Charter Schools Program, au CSP kwa kifupi. Fedha zipo kweli. Sisi tulizipata kwa kuchelewa mwaka mzima, na naandika ili mwenzetu asichelewe.

Kabla ya kugusa fomu yoyote, jua unabisha mlango upi. Iko miwili. Wa kwanza ni wa jimbo: serikali kuu inaipa idara ya elimu ya jimbo, au chombo kingine cha jimbo hilo, fungu kubwa, nacho kinagawa ruzuku ndogo kwa shule. Wa pili ni Washington, yaani Wizara ya Elimu ya serikali kuu, moja kwa moja, kwa waanzilishi wa shule wenyewe, chini ya namba ya mpango 84.282B kwa shule mpya na 84.282E kwa shule inayojipanua. Huu wa pili umewekwa kwa walioko katika majimbo yasiyo na ruzuku hai ya mlango wa kwanza. Maneno hayo yamo kwenye tangazo, sehemu ya wanaostahili, nasi tuliyasoma haraka tukayapita. Tukaandika ombi la Washington kurasa arobaini, usiku, watu wametoka zamu ya kiwandani. Jibu lilikuja mistari michache: hamstahili, jimbo lenu tayari lina ruzuku.

Kwa hiyo simu yako ya kwanza iwe kwa idara ya elimu ya jimbo, na uulize hivi: je, jimbo letu lina ruzuku hai ya CSP, nani anaisimamia, na dirisha lijalo la maombi linafunguliwa lini? Baada ya simu, waandikie barua pepe uwaombe wajibu kwa maandishi. Jibu hilo lihifadhi.

Sambamba na hilo, lazima uwe umeshapeleka ombi la kibali kwenye mamlaka inayotoa mikataba ya shule, na uwe umeiarifu mapema kwamba unaomba ruzuku hii. Kibali chenyewe si lazima kiwe kimetoka. Ushahidi wa kuwasilisha na wa kuarifu, wenye tarehe, ndio unaotakiwa.

Sasa usajili, ambao ndio uliotuumiza zaidi. Kila anayepokea fedha za serikali kuu anahitaji namba ya utambulisho inayoitwa UEI, na inapatikana SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili wanaopokea fedha zake. Kwa ruzuku ndogo ya jimbo, kisheria UEI peke yake inatosha, lakini jimbo letu lilidai usajili kamili wa SAM.gov, na anayekwenda Washington hana budi kuwa nao. Usajili huu ni bure. Narudia, ni bure, kwa sababu mwenyekiti wetu alipata barua pepe yenye nembo inayofanana na ya serikali, ikimtaka alipie "kukamilisha usajili". Tulilipa dola 600 kwa kampuni binafsi. Ilitujazia fomu ambayo tungeijaza wenyewe.

Kilichotukwamisha wiki saba ni jina. Mfumo unalinganisha jina la taasisi na anwani yake na hati unazopakia, halafu unalinganisha jina na namba ya kodi na kumbukumbu za IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Cheti chetu cha jimbo kilikuwa na neno "Academy" kamili, barua ya IRS ikalikata ikaandika "Acad". Cheti kilikuwa na anwani ya nyumbani kwa mwenyekiti, na barua ya IRS ilikuwa na sanduku la posta. Anwani ya mahali haiwezi kuwa sanduku la posta. Tukakataliwa, tukapakia upya, tukakataliwa tena, na kila mara tunasubiri siku kadhaa. Dawa ilikuwa kuiandikia IRS isahihishe jina, kisha kupiga simu kuomba barua yao ya 147C inayothibitisha jina na namba. Ningeanza upya leo, ningeweka mezani hati nne, cheti cha jimbo, barua ya IRS, taarifa ya benki na bili ya umeme ya ofisi, nizisome kwa kidole, herufi kwa herufi, kabla hata ya kufungua kompyuta.

Kwenye ombi lenyewe, sehemu yenye uzito ni ile ya kueleza utawasaidiaje wanafunzi wenye upungufu wa fursa za elimu. Hapa moyo peke yake hautoshi, tumia makundi ya sheria yenyewe: watoto wa familia maskini, wenye ulemavu, wanaojifunza Kiingereza, wahamaji, wasio na makazi, na waliotelekezwa au kuingia kwenye mkono wa sheria. Jihadhari na neno "wahamaji". Sisi tuliwaweka humo watoto wetu wote wakimbizi, na ni kosa. Katika sheria hiyo wahamaji ni familia zinazohama kufuata kazi za mashamba au uvuvi. Watoto wetu wengi wanaingia kwa wanaojifunza Kiingereza na kwa umaskini. Wengine wanaingia mahali ambapo hatukufikiria kabisa: familia mbili zinazobanana kwenye nyumba ya vyumba viwili kwa sababu moja imeshindwa kodi, watoto wa familia ile iliyohifadhiwa huhesabiwa kuwa hawana makazi.

Takwimu za wilaya za wanaojifunza Kiingereza zilitupunja, na sababu yake niliijua siku niliyokaa na jirani yangu kujaza fomu ya kuandikisha mwanawe. Swali lilikuwa lugha inayozungumzwa nyumbani. Nyumbani kwao ni Kibembe na Kiswahili. Akaandika Kiingereza, tena kwa herufi kubwa. Nikamwuliza, "Dada, mbona hivyo?" Akasema, "Mwalimu, nikiandika Kiswahili mwanangu watamtenga." Mtoto huyo hakuhesabiwa, na hakupata mwalimu wa kumsaidia lugha. Tulikwenda nyumba kwa nyumba jioni nyingi kuwaeleza wazazi kwamba jibu la kweli linampa mtoto haki ya msaada. Tulichokisikia huko, pamoja na takwimu za sensa za mtaa, tukakiandika kwenye ombi. Kama unataka watoto hawa wapate nafasi zaidi kwenye kura ya kujiunga, ile bahati nasibu ya kuchagua wanafunzi waombaji wakizidi nafasi, sheria ya CSP inaruhusu kura yenye uzito, mradi sheria ya jimbo lako haikatazi. Eleza utaratibu wake waziwazi.

Bajeti: usiweke ujenzi. Ukarabati wa lazima na matengenezo madogo, sawa. Vitabu, kompyuta, mafunzo ya walimu, mishahara ya kipindi cha maandalizi, kazi ya kuwafikia wazazi, sawa. Basi kama gharama ya kuanzia, mara moja, sawa, lakini mafuta ya kila mwaka hapana. Kipindi cha maandalizi kisizidi miezi 18. Onyesha pia shule itajilipaje ruzuku ikiisha, kwa fedha za kila mwanafunzi kutoka jimboni.

Kutuma hakuna mengi. Washington ni kupitia tovuti ya Grants.gov, na jimbo lina mfumo wake. Faili ziwe PDF zisizo na nywila. Saa ya mwisho ya Washington ni sekunde moja kabla ya saa sita usiku (11:59:59 p.m.) kwa saa za mashariki ya Marekani, si saa za kwako. Ukishatuma, subiri ujumbe wa kwanza kwamba ombi limepokelewa, na wa pili kwamba limekubaliwa na mfumo. Bila huo wa pili hujatuma. Tuma siku tatu kabla, ili likirudi na makosa uwe na muda wa kulirudisha.

Ukikosa, omba maoni ya waliolipitia. Ukipata, kumbuka kwamba usajili wa SAM unaisha baada ya siku 365, na ukiisha malipo yanaweza kukwama. Wa kwetu nimeuandika kwenye kalenda ya jikoni, siku sitini kabla ya tarehe yake.