Kufunga mashine ya kadi za mahudhurio kazini: ninavyofanya hapa Kigoma

Karakana iliyonifundisha kazi hii ilikuwa ya sabuni za mawese, Ujiji. Mwenye karakana alikuwa ameshanunua mashine ya alama za vidole, akaniita niitundike tu ukutani. Asubuhi ya kwanza wafanyakazi saba kati ya kumi na tisa walikataliwa. Mtu anaweka kidole, mashine inalia. Anakifuta kwenye kanga, anaweka tena, inalia. Nikawatazama mikono: wote saba walikuwa wakorogaji na wakataji wa sabuni. Kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, inakula ngozi, mafuta yanaziba mistari, kidole kinabaki laini kama kioo. Kwa hiyo wale wenye kazi nzito kuliko wote ndio walioandikwa kwamba hawakuja.

Tangu hapo, penye mawese, dagaa, saruji au useremala nafunga mashine ya kadi. Nitaeleza kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Nitakaa zaidi kwenye kuweka saa, kwa sababu hapo ndipo mishahara ya watu inapopotea.

Hatua ya 1: Linganisha kadi na mashine kabla ya kulipa

Kadi haina betri. Ndani yake kuna waya mwembamba uliozungushwa na kijipande kidogo cha kutunza namba. Mashine hutoa uga wa sumaku, kadi ikisogea sentimita chache inapata nguvu kutoka kwenye uga huo na kutaja namba yake. Ziko aina mbili unazokutana nazo madukani, zinazotofautiana kwa masafa ya mawimbi: za kHz 125 na za MHz 13.56. Mashine ya aina moja haiioni kabisa kadi ya aina nyingine, hata uisugue kutwa. Kwenye maboksi mengi, zile za kHz 125 huandikwa ID, na zile za MHz 13.56 huandikwa IC au Mifare. Soma boksi la mashine, soma na boksi la kadi. Kama mzigo unatoka Dar es Salaam kwa basi au treni, muombe muuzaji aguse kadi moja kwenye mashine hiyo hiyo mbele ya simu akupigie video. Kurudisha mzigo kutoka Kigoma ni safari ndefu na ni gharama.

Nunua kadi za akiba. Kwa watu ishirini mimi huchukua thelathini. Wapo watakaozipoteza ziwani, wapo watakaozifua na suruali.

Jambo moja zaidi kuhusu kadi za kHz 125: hazina siri yoyote ndani, ni namba tu, na kifaa cha bei ndogo kinaweza kuinakili. Kwa kuhesabu saa za kazi zinatosha. Usizitumie hizo hizo kufungulia stoo ya fedha.

Hatua ya 2: Mahali pa kuitundika

Adui wa kwanza ni chuma. Ukiifunga juu ya geti, bati au ubavu wa kontena, ule uga wa sumaku unamezwa na chuma, na kadi iliyokuwa ikisomeka kwa sentimita tano inataka kubandikwa kabisa, au haisomeki. Kama huna ukuta mwingine, weka ubao mnene kati ya mashine na chuma. Mimi hutumia kipande cha mninga cha sentimita tatu hivi.

Adui wa pili ni mvuke na vumbi. Isikae karibu na mapipa ya kuchemshia mawese wala kwenye mlango unaopigwa na mvua. Iwe ndani, chini ya paa, sehemu ambayo kila anayeingia lazima apite, na msimamizi akiwa mezani kwake anaiona. Hilo la kuonekana lina maana yake: kadi haimjui mwenyewe, na mtu anaweza kuja na kadi tatu za wenzake. Mashine zenye kamera ya kupiga picha kila kadi inapoguswa zipo, lakini jicho la msimamizi halihitaji fedha za ziada.

Urefu: mita 1.2 hadi 1.4 kutoka sakafuni. Ukuta wa tofali za saruji hauna shida, toboa kwa drili, sukuma vile vizibo vya plastiki, kaza skrubu. Tofali za kuchoma mara nyingine zinamomonyoka ndani ya tundu. Hapo funga kwanza ubao kwa skrubu ndefu nne, halafu mashine juu ya ubao.

Hatua ya 3: Umeme

Soma nyuma ya mashine: ni volti 5 au volti 12? Adapta lazima iwe na volti hizo hizo, na ampia zinazolingana au kuzidi. Ukichomeka ya volti 12 kwenye mashine ya volti 5 umeiua hapo hapo. Ninayo multimita, kile kipima umeme, mfukoni na ninaipima adapta hata ikiwa mpya, maana lebo zinadanganya.

Adapta ya volti 12 na ampia 1 haitoi zaidi ya wati 12, hivyo huhitaji UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) kubwa ya kompyuta. UPS ndogo zile za kuwekea ruta zinatosha, na zitaibeba mashine kwa saa kadhaa umeme ukikatika. Usiiache bila UPS. Umeme ukikatika saa ya watu kutoka, watu wote wa siku hiyo watakuwa wameingia na hakuna aliyetoka.

Kuna radi pia. Mvua za kwetu zinakuja na radi nzito, na waya mrefu wa mtandao unaotoka jengo moja kwenda jingine unaileta ndani. Kama ofisi ya mhasibu iko jengo la pili, usivute waya. Tumia flashi, nitaeleza mbele.

Hatua ya 4: Saa

Hapa naomba usome taratibu.

Baada ya ile karakana ya sabuni, kuna mahali pengine niliitwa kwa sababu wafanyakazi wamegoma kusaini mishahara. Mama mmoja mtu mzima akanifuata na karatasi mkononi. Nikamwamkia, akanijibu, akasema, "Marahaba, mwanangu. Mimi hapa nafika kabla ya kengele. Karatasi inasema nimechelewa saa tano na dakika hamsini. Hebu niambie, nilikuwa wapi muda wote huo?"

Nikafungua mashine. Aliyeiweka aliambiwa kazi inaanza saa mbili, akaandika 02:00. Mama yule alifika saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, yaani 07:50. Kwa mashine, kazi ilianza usiku wa manane. Wote walikatwa, mwezi mzima. Ilibidi tukae na mhasibu siku mbili kurudisha fedha za watu, mmoja mmoja.

Mashine inahesabu siku kuanzia saa sita usiku, sisi tunahesabu kuanzia machweo na mapambazuko. Kanuni ninayoiandika kwenye karatasi na kuibandika kando ya kompyuta ya mhasibu ni hii: saa ya mchana, ongeza 6. Saa ya usiku, ongeza 18, na ikifika 24 au kuzidi, toa 24. Jaribu:

saa 2 asubuhi, 2 + 6 = 08:00
saa 10 jioni, 10 + 6 = 16:00
saa 12 jioni, 12 + 6 = 18:00
saa 3 usiku, 3 + 18 = 21:00
saa 6 usiku, 6 + 18 = 24, toa 24 = 00:00
saa 11 alfajiri, 11 + 18 = 29, toa 24 = 05:00
saa 12 asubuhi, 12 + 18 = 30, toa 24 = 06:00

Angalia hiyo ya mwisho. Saa 12 asubuhi ihesabu kwenye usiku, na saa 12 jioni kwenye mchana. Ukizigeuza, mlinzi wako ataonekana amefanya kazi mchana.

Weka mashine kwenye mfumo wa saa 24, siyo wa 12. Kanda ya saa ni +3. Kuna sehemu ya kusogeza saa kwa majira ya joto kama wafanyavyo Ulaya. Zima, Tanzania hatusogezi saa. Halafu linganisha na simu yenye mtandao, dakika kwa dakika, na urudie kulinganisha kila Jumatatu, maana saa za mashine hizi huchelewa au kuwahi kidogo kidogo.

Na hapa nina neno kwa wenye kampuni wanaoleta ratiba kutoka Dar es Salaam. Saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya nyuzi 45, na Kigoma tuko karibu na nyuzi 30. Kila nyuzi moja ni dakika 4 za jua, hivyo jua letu liko nyuma ya saa ya ukutani kwa muda wa saa nzima hivi. Saa 12 kamili asubuhi Kigoma jua halijatoka, mwezi wowote wa mwaka. Ukiandika zamu ianze 06:00, unamtaka mama wa Katonga au Gungu atembee gizani. Mimi nikiulizwa, napendekeza 07:30.

Hatua ya 5: Msimamizi kwanza, wafanyakazi baadaye

Mashine mpya haina mwenyewe. Yeyote akibonyeza kitufe cha menyu anaingia na kubadili saa. Kwa hiyo kabla ya kumsajili mtu mwingine, sajili msimamizi kwa namba ya siri, na mwingine mmoja wa akiba ili akisafiri kazi isisimame.

Kisha mpe kila mfanyakazi namba yake, na namba hiyo isipewe mtu mwingine hata mwenyewe akiacha kazi. Ingia sehemu ya kusajili, andika namba, andika jina, chagua kadi, gusisha kadi hadi ilie, hifadhi. Wakati huo huo andika kwenye daftari namba iliyochapwa kwenye kadi.

Kadi za kHz 125 mara nyingi zina namba mbili zimechapwa, kwa mfano 0007654321 na 116,52145. Watu hudhani ni kadi mbili. Ni namba moja iliyoandikwa kwa njia mbili: zidisha 116 kwa 65,536, jumlisha 52,145, utapata 7,654,321. Ukijua hilo, programu ikikuonyesha namba fupi na daftari lina ndefu, hutahangaika.

Weka pia muda wa kupuuza kugusa mara mbili, dakika mbili zinatosha. Bila hivyo mtu asiye na hakika anagusa tena, na mashine inaandika ameingia na kutoka kwa pamoja.

Hatua ya 6: Zamu na ovataimu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa kawaida wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Ovataimu ni mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa, na haizidi saa 50 katika wiki nne. Kazi ya usiku, kuanzia 20:00 hadi 06:00, ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa.

Hizi ndizo namba za kuingiza kwenye programu. Mtu anaingia 07:30, anatoka 17:30, ana saa moja ya chakula: hizo ni saa 9. Siku tano ni saa 45. Maana yake akija Jumamosi, kila saa ni ovataimu. Kama saa yake ni shilingi 2,000, ya Jumamosi ni 3,000.

Mlinzi wa 18:00 hadi 06:00 ndiye anayesumbua mashine. Anaingia Jumanne, anatoka Jumatano. Mashine isipoelezwa itaandika Jumanne hakutoka, Jumatano hakuingia. Tafuta sehemu ya saa ya kubadilisha siku na uiweke 12:00, yaani saa sita mchana, kwa kundi la walinzi tu. Hapo zamu yake itasomeka nzima, na saa 10 kati ya zile 12 zitahesabiwa nyongeza ya usiku.

Programu nyingi pia zina sehemu ya kukata dakika, kwamba aliyefika 07:34 ahesabiwe 07:45. Sifungi hivyo. Nikilazimishwa, naweka kwa pande zote mbili, aliyetoka 17:41 naye ahesabiwe 17:45. Dakika za mfanyakazi zina uzito ule ule wa dakika za tajiri.

Hatua ya 7: Kutoa taarifa

Njia rahisi ni flashi: chomeka, chagua kupakua kumbukumbu, peleka kwa mhasibu. Fanya kila Ijumaa na utunze nakala, mashine ikifa usipoteze mwezi.

Ukitaka waya wa mtandao, usizidi mita 100, na anwani ya mashine iwe kundi moja na ya ruta. Mashine za kampuni ya ZKTeco hutoka kiwandani na anwani 192.168.1.201 na mlango wa mtandao (port) 4370. Ruta yako ikiwa 192.168.0.1, hazitaonana mpaka ubadilishe mashine iwe, kwa mfano, 192.168.0.201.

Hatua ya 8: Mwezi wa kwanza, daftari libaki

Usilitupe daftari la kusaini. Kwa mwezi mmoja watu waguse kadi na wasaini. Kila wiki kaa na msimamizi mlinganishe mstari kwa mstari, na kila tofauti itafutiwe sababu siku hiyo, si mwisho wa mwezi.

Aliyesahau kadi ajaze fomu, asaini, msimamizi naye asaini, ndipo saa iingizwe kwa mkono. Bila saini mbili, mtu yeyote asiguse kumbukumbu. Kadi ikipotea, ifute kwanza, ndipo utoe mpya kwa namba ile ile ya mfanyakazi.

Usibandike orodha ya waliochelewa ukutani. Jina la mtu na saa zake ni taarifa zake, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mchapie kila mmoja karatasi yake kabla mshahara haujapigwa, aisome, aulize. Asiyesoma vizuri asomewe faraghani, kwa saa zetu: "Jumatatu umeingia saa moja na dakika ishirini na nane, umetoka saa kumi na moja na nusu."

Kila Jumamosi jioni futa uso wa mashine kwa kitambaa kikavu. Mawese yakiganda pale, vumbi linashika, na vitufe vinaanza kukwama kuanzia kile cha menyu.