Kaa Kilimani Kwanza: Namna ya Kuandika Ulivyoguswa na Mahali katika Shamba la Wanyama

Kila Jumamosi alasiri wanafunzi sita au saba wa sekondari huja kwangu hapa Njoro, tukakaa barazani na madaftari tukisoma riwaya. Muhula huu tulisoma Shamba la Wanyama ya George Orwell, iliyotoka mwaka 1945 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Fortunatus Kawegere. Humo wanyama wanamfukuza mwenye shamba, Jones, kisha nguruwe wanakuwa watawala wapya. Niliwaambia kila mmoja aandike juu ya mahali pamoja palipomgusa. Karibu wote waliniletea jibu moja: kinu cha upepo wanachojenga wanyama ni mipango ya viwanda ya Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, nguruwe ni viongozi, basi. Walikuwa wamefumbua fumbo, lakini hakuna aliyekuwa amefika pale shambani. Haya ndiyo niliyowaelekeza. Majina nayataja kama Orwell alivyoyaandika.

Ifungie historia ya Urusi kabatini kwanza. Chukua karatasi uchore shamba: ghala kubwa lenye ukuta wa lami ulioandikwa amri saba kwa rangi nyeupe, nyumba ya Jones, bustani ya matunda, machimbo ya mawe, kilima. Usijali mchoro ukipinda. Ukishachora, utajua nani hutembea umbali gani kila siku, na nani hatembei.

Kisha chagua mahali pamoja, ujiulize: miili ya wanyama inafanya nini hapa? Chukua machimbo, yanakotoka mawe ya kinu. Wanyama hawawezi kutumia sururu wala mtaimbo, kwa hiyo huyafunga majabali kwa kamba, wakayakokota polepole hadi juu ya machimbo, wakayasukuma yaanguke na kupasuka. Kijana mmoja wa kwangu, ambaye mama yake hugonga kokoto kando ya barabara, alisoma hapo akanyamaza. Nilimwambia aache ishara na maana, aandike anachokijua juu ya mawe. Aliandika jinsi bega la mama yake linavyolia usiku anapogeuka kitandani, kisha akamrudia farasi Boxer akivuta jabali. Ukurasa mmoja tu, na sijasoma kitu kizuri kuliko hicho mwaka huu.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni hili: tafuta mahali panapokuja mara mbili. Mwandishi wa istiara, yaani hadithi yenye maana iliyofichwa, akikurudisha mahali pale pale, ana sababu. Asubuhi ya kwanza baada ya kumfukuza Jones, wanyama hukimbilia kilimani, wakaliangalia shamba lao katika mwanga safi, hawaamini kuwa ni lao. Baadaye, baada ya wenzao kuuawa mbele ya macho yao, wanarudi kilima kile kile jioni ya masika. Nyasi ni zile zile na shamba ni lile lile. Clover, farasi jike, analiangalia na macho yake yanajaa machozi, asipate maneno. Wanaimba wimbo wao mara tatu, taratibu, kwa huzuni, kisha Squealer, nguruwe msemaji wa watawala, anakuja kuwaambia wimbo umepigwa marufuku. Weka kurasa hizo mbili kando kwa kando. Andika nini kimebadilika ilhali kilima ni kile kile, na tayari una insha.

Riwaya nyingine mahali pake si pa duniani, kama Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi iliyo angani. Hata huko kuna baraza ambapo Karama anashtakiwa. Simama hapo.

Sasa leta mahali pako. Mimi nilichagua dirisha la mwisho, wanyama wanapochungulia chumba cha kulia na kuwaona nguruwe na watu mezani wakicheza karata. Baba yangu alikuwa mkamuaji kwenye shamba la mlowezi. Miaka ya sabini kampuni ya kununua mashamba ililinunua, naye akachanga akapata cheti cha hisa. Wakurugenzi walihamia nyumba kubwa. Sisi watoto tulikuwa tukisimama juu ya kitalu cha maua jioni, tukichungulia wanavyokula. Baba alifariki cheti kikiwa sandukuni, bila kipande cha ardhi. Nilipolisoma dirisha lile nilifunga kitabu nikatoka nje.

Lakini kumbukumbu yako iwe mistari michache, kisha urudi kitabuni. Ukikaa kwako mno, msomaji atasahau ulikuwa unamwonyesha nini. Na usiandike kwamba mandhari "yanatufundisha umuhimu wa haki." Andika kitalu cha maua.

Hapo ndipo unapofungua lile kabati la historia. Orwell mwenyewe alieleza kwamba aliandika tukio hilo la mwisho mara tu baada ya Mkutano wa Tehran wa 1943, ambako Stalin, Churchill na Roosevelt walikaa meza moja. Ukilijua hilo baada ya kusimama dirishani, linakuingia. Utaona kwa nini karamu inaishia kwa ugomvi, Napoleon, nguruwe mkuu, na Pilkington, mkulima jirani, wakitupa karata moja ile ile kwa pamoja.

Ukimaliza, msomee mtu ambaye hajawahi kukishika kitabu hicho. Mimi nilimsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mapazia je? Mbona hujayaandika? Yale mapazia nilikuwa nayafua mimi."

Nilirudi mezani nikayaongeza.