Kiangazi cha Nairobi na Reli ya Mezani: Kazi za Kumaliza Kabla ya Masika

Miongozo mingi ya treni za mfano huandikwa Ulaya na Marekani, ambako Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya joto. Nairobi miezi hiyo tunavaa sweta, na gundi iliyomwagwa jioni huamka mbichi. Kiangazi chetu ni Januari na Februari, na kwa anayejenga reli mezani sioni msimu ulio bora zaidi: kila kitu kinakauka, nyasi za Athi zimegeuka dhahabu, na udongo uko wazi wa kuchotwa. Nachukulia tayari una injini moja na mabehewa machache ya kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87, na unatamani mandhari ya kwetu badala ya kijiji cha Ujerumani chenye theluji.

Hatua ya 1: Kaone kitu chenyewe

Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, hayako mbali na stesheni kuu. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa sababu mwanga wa saa sita huua vivuli na picha hazitakufundisha chochote. Hapo yupo 5918 Mount Gelai, injini kubwa ya mvuke ya aina ya Garratt, daraja la 59, aliyeundwa na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1950. Urefu wake unapita mita 31. Kwa HO ni sentimita 36 hivi, kwa hiyo ukimtaka siku moja, panga kona pana tangu sasa. Piga picha za chini zaidi: magurudumu, kutu, mataruma, kokoto zilizopakwa mafuta.

Jambo moja kuhusu upana. Reli za kawaida za HO ni milimita 16.5, zinazolingana na SGR, reli mpya ya kisasa, ya milimita 1,435. Reli ya zamani ni ya mita 1, na kwa HO ingehitaji njia ya milimita 12. Anza na ulizonazo. Mtazamaji huona rangi ya ardhi kabla ya kufikiria kupima reli.

Hatua ya 2: Ubao na reli

Tumia plaiwudi, uipake vanishi au rangi pande zote mbili na kingo zake pia. Mbao husinyaa wakati wa ukame na kuvimba mvua zinaporudi. Ubao usiopakwa utakusumbua mwezi Aprili.

Laza reli mchana, chumba kikiwa na joto. Chuma kikiwa moto kimeshatanuka, hivyo nafasi ndogo kwenye maungio, unene wa kadi ya kawaida ya karatasi ngumu, inatosha. Ukilaza usiku wa Julai ukabana maungio, joto la Februari litazipinda reli zako.

Hatua ya 3: Udongo

Hapa ndipo Nairobi inapotupa utajiri. Reli ilifika hapa mwaka 1899 ikitoka tambarare ya Athi, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kisha ikapanda kuelekea Kikuyu na Limuru, kwenye udongo mwekundu. Ubao wa mita 2 unaweza kuonyesha mabadiliko hayo yote, na hakuna duka la ng'ambo linalouza rangi hizo vizuri kama ardhi yenyewe.

Chota kikopo kimoja cha kila aina. Utandaze juu ya bati juani hadi uwe mkavu kabisa, kisha uukaange kidogo kwenye sufuria kuukuu ili wadudu wafe. Twanga, uchekeche kwa chujio la chai. Halafu pitisha sumaku iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni, mara kadhaa. Chembe nyeusi zitakazonasa zina chuma, na zikiingia kwenye mota ya injini hazitoki kirahisi. Usiiruke kazi hii.

Paka gundi nyeupe ya mbao kwenye ubao, nyunyiza udongo, kisha uloweshe kwa chupa ya kupulizia yenye maji na tone la sabuni ya vyombo. Juu yake dondosha gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Sabuni husaidia maji kupenya. Bila hiyo yanajikunja juu kama lulu na kuvuruga kila kitu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao, maana udongo mwekundu hukolea ukishashika gundi. Ule mweusi uweke mwembamba sana. Ukiwa mnene unapasuka ukikauka, sawa na unavyopasuka kule Embakasi.

Hatua ya 4: Nyasi na migunga

Nunua kamba ya katani, ichambue, ikate vipande vya milimita 5 au 6. Kwa HO hizo ni nyasi za kufika magotini, na rangi ya katani tayari ni ya kiangazi. Simamisha vishungi kwenye gundi, vichache vichache, kwa mafungu yasiyolingana. Kwa migunga, tafuta vijiti vikavu vyenye matawi mengi, ukate juu pawe bapa, ubandike sponji iliyosagwa na kupakwa kijani kilichofifia.

Hatua ya 5: Rangi

Rangi ya kupuliza ipulizie nje, asubuhi, kabla upepo haujainua vumbi.

Hatua ya 6: Linda ulichojenga

Vumbi la Januari huingia kila mahali na kukata umeme kati ya reli na magurudumu. Futa reli kabla ya kila safari kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye alkoholi ya aisopropili. Epuka spiriti ya vidonda, kwa kuwa mara nyingine ina mafuta yanayobaki. Ukimaliza, funika yote kwa shuka.

Injini na mabehewa ya plastiki usiyaache dirishani wala ndani ya gari lililoegeshwa juani, yatajipinda. Ikiwa chumba chako ni cha mabati, yashushe kwenye sanduku chini ya meza kabla ya saa sita mchana. Kazi zote za maji na gundi ziishe Februari. Nyaya na nyumba za kadibodi zinaweza kusubiri mvua za Machi.