Bledi ya msumeno wa nakshi: kuchagua na kubadilisha

Wengi wanaoniletea msumeno wa nakshi, ule wa mezani wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka, hulalamika kuwa bledi zinakatika ovyo. Nikiangalia, bledi haina kosa: imelegea, au namba yake, yaani saizi, hailingani na ubao.

Jua kwanza mashine yako inashika bledi gani. Kuna yenye pini kila ncha, na kuna isiyo na pini, ya kubana kwa skrubu. Kawaida zote ni inchi 5. Ya pini hufungwa upesi, lakini kutoa tumbo la herufi "a" itakusumbua, maana lazima utoboe tundu la kupitisha pini. Kwa nakshi ndogo chukua isiyo na pini.

Namba ikiwa ndogo, bledi nyembamba. Plaiwudi ya mm 3 hadi 6 natumia namba 2. Mninga wa mm 18, namba 5. Zaidi ya mm 25, namba 7 au 9. Unene wa ubao uenee angalau meno matatu, la sivyo yatadonoa na kung'oa nyuzi.

Sasa kubadilisha:

1. Zima, chomoa waya kwenye soketi. Swichi peke yake siiamini.

2. Legeza mkazo, fungua kibano cha juu, kisha cha chini.

3. Bledi mpya mara nyingi huja na mafuta. Sugua ncha zote mbili kwa msasa laini, la sivyo itachomoka katikati ya kazi.

4. Meno yakuelekee wewe, yakitazama chini. Pandisha kidole taratibu: kitakwaruzwa. Kishushe: kitateleza. Siku moja niliifunga juu chini, nikawasha. Kibao kikaanza kurukaruka mezani kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

5. Bana chini kwanza. Kama unakata ndani ya ubao, ipitishe kwenye tundu kabla hujabana juu.

6. Kaza, kisha idonoe kwa ukucha. Unataka "ting" kali, kama waya wa gitaa. Ikisema "dup", bado. Isukume kwa ubavu: ikisogea zaidi ya mm 3, ongeza.

7. Simamisha pembemraba (kifaa cha kupimia kona ya mraba) mezani ubavuni mwa bledi, uone kama imesimama wima. Pandisha na kushusha bledi kwa mkono kabla hujarudisha waya. Zile bledi ambazo meno machache ya chini hutazama juu (nazipenda kwa plaiwudi, hazichani upande wa chini), zikifika juu kabisa, meno mawili matatu tu ya hayo yaonekane juu ya meza.

Ukianza kukata utaona inavuta kulia. Haijaharibika: bledi nyingi hutoka kiwandani na ukali uliozidi upande mmoja wa meno. Usishindane nayo wala usisukume kwa nguvu. Geuza ubao mshazari kidogo mpaka ifuate mstari.