Namna ya Kujiandaa kwa Picha ya Moyo na Kuielewa Ripoti Yake

Mgonjwa wa Lamu aliyeandikiwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, huenda akalazimika kuvuka kwa boti hadi Mokowe na kuendelea kwa barabara hadi Malindi au Mombasa. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka amwulize daktari ni swali gani hasa analotaka picha hiyo ilijibu, na swali hilo liandikwe katika barua ya rufaa. Mpimaji aliyeambiwa tu “apimwe moyo” hatajua kama aikazie macho misuli, vali (yaani milango ya moyo inayoizuia damu kurudi nyuma) au maji yaliyouzunguka moyo.

Eko ya kawaida haitumii mionzi wala haihitaji tumbo tupu, hivyo hata aliyefunga Ramadhani hupimwa bila kufungua. Dawa za presha zimezwe kama ilivyoagizwa, na ripoti za zamani zichukuliwe zote. Mgonjwa hulazwa kwa ubavu wa kushoto, kifua kikiwa wazi. Mwanamke anayependa kupimwa na mwanamke mwenzake aseme mapema anapopanga miadi, kwani ni haki yake kusitiriwa. Ile eko inayopitishwa kooni ni jambo jingine, na huhitaji kukaa bila chakula kwa saa 6 hivi.

Katika ripoti, wengi hukimbilia asilimia ya damu inayosukumwa. Tuseme chemba ya chini ya kushoto imejaa mililita 120 na kwa pigo moja imetoa 72: hiyo ni asilimia 60, ambayo ni ya kawaida. Ikiwa 40 au chini ya hapo, nguvu za moyo zimepungua waziwazi. Hata hivyo, namba hii peke yake hupotosha. Moyo uliokakamaa kwa presha ya miaka mingi unaweza kuonyesha 60 ilhali mgonjwa anakatika pumzi, kwa sababu shida yake ni kujaa, si kusukuma. Vilevile vali ya mitrali, iliyo kati ya chemba mbili za kushoto, ikivuja sana, sehemu ya damu inayohesabiwa kuwa imesukumwa huwa imerudi nyuma, na namba huonekana nzuri kuliko hali halisi. Tofauti ya pointi 5 kati ya vipimo viwili nayo inaweza kutokana na upimaji tu, hivyo isimtie mtu hofu kabla daktari hajailinganisha na dalili zake.

Kwa pwani yetu, ningeomba ukurasa wa vali usomwe kwa makini zaidi, hasa kwa vijana, kwani maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa yanaweza kuzaa homa inayoacha makovu kwenye vali. Mlango wa mitrali huwa na eneo la sentimita za mraba 4 hadi 6, ukibaki 1.5 au chini, umebana vibaya. Mwanamke mwenye hali hiyo apimwe kabla ya kushika mimba, maana ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu.

Mishipa ya moyo ikishukiwa kuziba, daktari anaweza kuagiza siti skani, yaani picha ya eksirei inayoundwa kwa kompyuta, na kabla ya sindano ya dawa ya kung’arisha picha mgonjwa ataje ugonjwa wowote wa figo. Lakini mwenye maumivu makali ya kifua yanayoendelea asingoje miadi ya picha yoyote: apelekwe hospitali iliyo karibu mara moja, akaanze kwa kipimo cha umeme wa moyo.