Kukarabati jengo la zamani Kigoma liwe makao makuu ya kampuni: shughulikieni maji kwanza

Nimetoka kuisaidia kampuni changa iliyochukua jengo kuukuu la mawe kati ya stesheni ya reli na eneo la Mwanga. Wakuu walitaka kuanza na rangi na vigae. Mpangilio ninaoupendekeza ni huu.

1. Kibali. Pelekeni michoro manispaa kabla ya kugonga ukuta wowote.

2. Paa. Bati za asbesto zisikatwe wala kuvunjwa. Vumbi lake huua mapafu, tafuteni wataalamu. Kenchi za mninga zikiwa nzima, ziacheni. Mbao mpya nyingi hazizifikii.

3. Umeme. Ng'oeni nyaya zote. Paipu za umeme na za intaneti zipite kabla ya lipu.

4. Kuta. Hapa ndipo fedha hupotea. Mji umekaa mteremkoni, kwa hiyo mvua za Novemba hadi Aprili husukuma maji kwenye ukuta wa nyuma. Tena udongo wa nje umekuwa ukijaa miaka yote, mara nyingi umepita usawa wa sakafu. Uchimbeni ushuke sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu, kisha mtaro wenye mwinamo upande wa juu. Bila hayo, msinunue hata mfuko mmoja wa lipu.

Baadaye bandueni lipu yote ya simenti iliyopakwa juu ya mawe na chokaa. Simenti hufungia unyevu ndani. Maji hupanda juu zaidi, chumvi hutoka, rangi hubabuka. Ukuta hukauka polepole, kama sentimita 2.5 za unene kwa mwezi, kwa hiyo wa sentimita 45 haumalizi kukauka kwa kiangazi kimoja. Ndiyo maana nashikilia lipu ya chokaa: ukuta huendelea kupumua nyinyi mkiwa kazini.

Chokaa iwe imezimwa (yaani imetiwa maji hadi iache kuchemka) na kulowekwa vizuri. Unga uliokaa wazi dukani umeshapoteza nguvu. Kipimo ni chokaa moja kwa mchanga mitatu, mchanga mkali uliooshwa. Kila mkono (tabaka) wa lipu usizidi sentimita moja. Funikeni kwa magunia, nyunyizeni maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kwani jua la Julai hupasua. Vaeni miwani na glavu, chokaa huunguza macho. Fundi atawaomba aongeze "simenti kidogo tu" ishike haraka. Kataeni, hata akikasirika.

5. Rangi. Ya chokaa pia. Ya mafuta itawarudisha hatua ya nne.

6. Samani na kibao cha kampuni. Makabati yakae mbali kidogo na ukuta wa nyuma, hewa ipite.