Namna ya Kuchunguza Mahusiano ya Watu na Ardhi Kabla ya Kuinunua

Anayenunua ardhi hupokea pamoja nayo mahusiano ambayo watu wengine wamekuwa nayo na ardhi hiyo, na mengi kati ya mahusiano hayo hayaandikwi kwenye hati. Kuna mrithi ambaye hakushirikishwa katika mauzo, kuna mwenzi wa ndoa ambaye jina lake halimo kwenye karatasi yoyote, kuna wafugaji wanaopitisha mifugo yao hapo mara moja kwa mwaka, kuna kaburi lisilo na jiwe. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuyatambua mahusiano hayo mapema, kwa sababu yanayogunduliwa baada ya malipo huishia mahakamani au, vibaya zaidi, katika uadui wa majirani unaodumu vizazi.

Uanze na ofisi ya msajili wa ardhi. Omba upekuzi rasmi wa kiwanja au shamba husika, na usitosheke na nakala ya hati unayoonyeshwa na muuzaji au dalali, kwa kuwa nakala inaweza kuwa ya kweli na bado ikawa imepitwa na wakati. Linganisha jina lililo kwenye daftari la msajili na kitambulisho cha anayeuza. Angalia kama kuna rehani, zuio la mahakama, haki ya njia iliyosajiliwa, au kodi ya ardhi iliyolimbikizwa. Kama umiliki ni wa muda maalumu, hesabu miaka iliyobaki. Kama mwenye jina amefariki, dai kuona uteuzi wa msimamizi wa mirathi na uzungumze na warithi wote, si yule mmoja aliyekuja na bei. Kama muuzaji ana ndoa, pata idhini ya mwenzi wake kwa maandishi hata pale ambapo sheria ya nchi husika haikulazimishi.

Hata hivyo, ni lazima ufahamu daftari linaanzia wapi. Mwaka 1858 koloni la South Australia lilipitisha sheria iliyosimamiwa na Robert Torrens, ambayo ilifanya daftari la serikali kuwa ushahidi wa mwisho wa umiliki: aliyeandikwa humo ndiye mwenye ardhi, na mnunuzi hana haja ya kufuatilia mlolongo wa hati za zamani. Mfumo huo ulirahisisha sana biashara ya ardhi na ukaigwa na nchi nyingi. Lakini daftari hilo lilihesabu kuanzia siku serikali ilipogawa ardhi, si siku watu walipoanza kuishi juu yake, na wenyeji wa asili waliokuwapo kabla ya ugawaji huo hawakuandikwa mahali popote. Ilichukua mpaka tarehe 3 Juni 1992, katika kesi iliyoanzishwa na Eddie Mabo na wenzake, wenyeji wa asili wa visiwa vya Murray, kwa mahakama ya juu kabisa ya Australia kukataa dhana kwamba nchi ile haikuwa na mwenyewe Waingereza walipofika. Mabo mwenyewe alikuwa amefariki miezi michache kabla ya hukumu. Ninaikumbusha kesi hii kwa sababu mnunuzi anayeona daftari safi huwa mwepesi wa kuamini kwamba ardhi nayo haina watu, ilhali ukimya wa daftari unaweza kumaanisha tu kwamba hakuna aliyeulizwa.

Hatua inayofuata ni kuitembelea ardhi yenyewe, kwa miguu, na ikiwezekana zaidi ya mara moja katika majira tofauti. Fuata kila kijia mpaka kilipoanzia na kinapoishia. Chunguza visiki ili ujue kama miti inakatwa kwa zamu na kuachwa ichipue, tafuta miti iliyopandwa kwa mstari, vifusi vya mawe, mabaki ya msingi wa nyumba, samadi, majivu, na chemchemi yenye nyayo za watu kuizunguka. Kila alama ya aina hii ni swali la kumpelekea mtu, na hakuna hata moja ambayo wewe peke yako unaweza kuitafsiri kwa uhakika.

Jihadhari hasa na ardhi inayoonekana kuwa tupu. Wasukuma wa Tanzania wana desturi ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho lisiguswe wakati wa mvua ili nyasi zake ziwafae mifugo wakati wa kiangazi. Mgeni akipita wakati wa masika ataona nyasi ndefu zisizo na ng’ombe wala jembe, na huenda akadhani kwamba hapana mwenye shughuli nazo, kumbe anatazama akiba iliyotunzwa kwa makusudi. Mpango wa serikali wa kuhifadhi ardhi ya Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulifufua miti katika maeneo mengi kwa kuitegemea desturi hiyo hiyo. Vivyo hivyo, huko Budj Bim katika jimbo la Victoria nchini Australia, mawe ya volkano ambayo jicho la haraka lingeyaona kuwa yametapakaa tu ni mifereji na mabwawa ambayo watu wa Gunditjmara waliyajenga ili kunasa na kutunza mikunga, na sehemu ya kazi hiyo ina umri wa miaka 6,600 hivi. Eneo hilo liliandikishwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2019. Utunzaji wa ardhi mara nyingi hauna uzio wala jengo, na alama yake kuu ni kitu ambacho watu wamejizuia kukifanya.

Sasa zungumza na watu, na hapa ndipo ninapokuomba usiharakishe, maana sehemu kubwa ya ukweli iko hapa. Usiandamane na muuzaji wala dalali. Swali la kawaida, yaani ardhi hii ni ya nani, huleta jibu la jina moja na kufunga mazungumzo. Uliza badala yake ni nani hufanya nini hapa, katika majira gani, na kwa ruhusa ya nani. Kwa swali hilo utagundua kwamba udongo unaweza kuwa wa mtu mmoja na miti ya mwingine aliyeipanda, kwamba mavuno ni ya mwenye shamba lakini mabua baada ya mavuno huachiwa mifugo ya majirani, na kwamba maji hayana mwenyewe hata kama kisima kimo ndani ya mipaka ya mtu. Waulize viongozi, lakini pia waulize wanaochota maji, wanaookota kuni, wanaochunga, wanaolima kwa kukodi, na wazee walioondoka eneo hilo na kuhamia kwingine. Wanawake na wapangaji ndio wanaorukwa kwenye orodha za mikutano mara nyingi kuliko wengine wote, na ndio wanaoijua ardhi kwa matumizi ya kila siku. Chora ramani ya mkono unaposikiliza, uweke juu yake njia, maji, makaburi na mahali pa ibada, kisha uwaonyeshe wale uliozungumza nao ili waisahihishe. Majibu yakipingana, andika yote mawili na uendelee kuuliza.

Ukibaini kwamba ardhi ni ya jamii nzima, utaratibu unabadilika. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya ya mwaka 2016, kwa mfano, haimruhusu kiongozi mmoja kuuza. Uamuzi wa kuihamisha ardhi ya jamii unahitaji kuungwa mkono na angalau theluthi mbili ya wanachama watu wazima walioandikishwa. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa mwaka 2007, linazungumzia ridhaa iliyo huru, ya mapema na yenye taarifa kamili, na kila neno kati ya hayo lina kazi yake. Ridhaa si huru kama watu wanatishwa au wanaahidiwa zawadi. Si ya mapema kama tingatinga limekwisha kufika. Wala haina taarifa kamili kama mkataba uko katika lugha ambayo watia saini hawaisomi. Wape muda wa kujadiliana bila wewe kuwapo, na ukubali kwamba jibu linaweza kuwa hapana.

Kuna ardhi ambayo kwa maoni yangu haifai kununuliwa hata bei ikiwa nzuri na hati ikiwa safi: ile ambayo watu waliondolewa kwa nguvu na bado wanaidai. Waendorois, jamii ya wafugaji nchini Kenya, waliondolewa kando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi ya wanyama, na mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliowapa haki ulitangazwa. Waogiek wa msitu wa Mau, nao wa Kenya, walishinda katika Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha mwaka 2017, na mwaka 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia na ardhi yao itambuliwe na kupewa hati. Miongo inayopita haifuti madai ya aina hii. Tafuta katika kumbukumbu za mahakama na za magazeti kama eneo unalolitaka lina historia kama hiyo, na ukiikuta, achana na ununuzi.

Kama uchunguzi wako haujaonyesha kikwazo, uyaingize matokeo yake katika mkataba. Mpimaji ahakikishe mawe ya mipaka mbele ya majirani wa pande zote, nao watie saini kwamba wameyaona. Njia ya kwenda majini, haki ya kuzuru makaburi na kipindi cha kupitisha mifugo vielezwe kwa vipimo na tarehe, kisha visajiliwe juu ya hati pale sheria inaporuhusu, ili atakayenunua kutoka kwako avikute vimeandikwa. Lipa kwa awamu, na awamu ya mwisho itolewe baada ya jina kubadilishwa kwenye daftari. Nakala ya ramani ile ya mkono, ikiwa imesahihishwa na wenyeji, iambatanishwe na mkataba, na nakala nyingine ibaki kwao.